Maji ya Nyota ya Gerrit Hoekzema

Pale mezani kwetu, ukimwambia mtu mwisho wa gemu ya video ambayo hajaimaliza, unafukuzwa. Sitanii. Kuna jamaa mmoja wa benki alikuja Jumamosi mbili tu, ya pili akaropoka nani anakufa kwenye gemu aliyokuwa akiicheza mwenzetu Terrence. Nilimpokonya donati mkononi nikamwonyesha mlango. Askari wa sheria hiyo ni mimi, Bernadette Szymanski, Bernie kwa wanaonivumilia. Nauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa hapa Grand Rapids, na kila Jumamosi asubuhi nakaa meza ya pembeni ya duka la donati na watu wazima wenzangu wawili tukiulizana swali moja: wiki hii unacheza nini?

Terrence Mabry hupeleka barua nyumba kwa nyumba kwa miguu. Yeye ni mtu wa gemu za mpira na magari, na huzisimulia kama mtangazaji wa redio, mate yanaruka mpaka kwenye kahawa ya mwenzake. Mimi napenda zile ngumu zinazonifanya nitukane. Gerrit Hoekzema alikuwa wa hadithi ndefu, na habari hii ni yake.

Gerrit aliendesha lori la jiji la kusukuma theluji. Alikuwa mrefu, Mholanzi kwa ukoo wa pande zote mbili, na mbahili wa maneno kila mahali isipokuwa pale mezani. Hapo ungemsikia. "Theluji ya gemu hii ina bluu kwa chini," alituambia siku moja. "Kama ya kweli kabla jua halijatoka. Aliyeichora anajua kuamka mapema, huyo." Kwenye sehemu ya kwanza ya gemu aliyoipenda kuliko zote, Kengele ya Orrim, wasafiri wanne wanamwacha nyumbu wao wa mizigo kwenye daraja linalovunjika. Jumamosi aliyotusimulia hayo Gerrit hakugusa donati yake. Tulimcheka wiki nzima, na nyumbani nikajikuta namfikiria yule nyumbu.

Gerrit alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wachezaji wengi tunao, ila yeye alizidi. Kwenye Kengele kuna dawa inaitwa maji ya nyota. Haiuzwi dukani, unaiokota moja moja mahali pa kujificha, na ukiinywa wasafiri wote wanapona papo hapo. Gerrit hakuwahi kuinywa hata moja. Alimaliza sehemu ya kwanza begi limejaa, akamaliza ya pili begi limejaa.

"Utazikwa nayo hayo maji?" nilimuuliza.

"Huwezi kujua mbele kuna nini."

"Mbele kuna maneno ya asante kwa kucheza, we mzee. Gemu imeisha."

"Ndiyo unayajua hayo sasa," akasema. "Wakati ule ulikuwa hujui."

Sehemu ya tatu ilipotoka, aliinunua siku ya kwanza, akaiweka juu ya kabati la runinga na plastiki yake. Alisema ataicheza akistaafu, apate kuicheza taratibu, bila kuamshwa na saa ya kwenda kazini. Kampuni iliyoitengeneza ikafa. Miaka ikapita. Plastiki ilikuwa inafutwa vumbi na Marlene, mke wake, kama picha ya arusi. Nami kwa ujinga wangu nikaahidi kumngoja nisiicheze kabla yake, ili siku akianza tuwe na la kuzungumza.

Ulikuwa umebaki msimu mmoja wa theluji astaafu.

Nilipaswa kugundua mapema, maana masikio ninayo. Msimu ule Gerrit aliacha kutaja rangi. Terrence akimuuliza gemu aliyonayo ikoje, alisema muziki ni mzuri. Wiki iliyofuata, muziki. Nilimtania kwamba siku hizi anacheza redio. Alitabasamu, akainua kikombe, akakirudisha nje ya kisosi chake.

Halafu siku moja akapita na lori juu ya masanduku ya barua ya kando ya barabara, mtaa mzima, na mtaa wenyewe ndio Terrence anaopelekea barua. Terrence alikuja mezani amejiandaa kumsimanga. "Bwana, hata gemu zangu za magari sigongi vitu vingi hivyo," alianza, halafu akamwona Gerrit anavyopapasa sukari, akamsogezea.

Ilikuwa kisukari. Damu ilikuwa inavuja nyuma ya macho, na yeye alificha mpaka alipowaza angeweza kumgonga mtoto. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia daktari alilipa wiki chache, kisha upasuaji ambao ungeweza kuliokoa au kulimaliza kabisa. Walimnyang'anya leseni. Aliyasema yote hayo akitazama meza, na sisi tukaitazama meza hiyo hiyo.

"Nimeifungua," akasema mwishoni.

Tulijua ni ile ya juu ya kabati.

Tangu hapo alicheza kama mtu anayekimbizwa. Marlene alisema anakaa na pua imegusa kioo cha runinga, hali mpaka aitwe mara tatu. Na gemu yenyewe ni ya watu bubu. Hakuna anayeongea humo, kila neno limeandikwa, tena kwa herufi ndogo kama sisimizi. Mezani Jumamosi Terrence alimuuliza ikoje, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kuna mji," Gerrit alisema. "Nadhani ni mji. Niliingia dukani, nikasikia sauti ya pesa. Sijui nilinunua nini. Kuna mtu alinisimamisha njiani akaniambia jambo refu. Nilibonyeza mpaka akanyamaza." Akaiweka mikono yote miwili juu ya meza. "Sitaimaliza, Bernie. Nimeingoja muda wote huo na sitaimaliza."

Nilikasirika, nikaigombeza kahawa.

Jioni ile ile akanipigia simu. Upasuaji ulikuwa Jumanne. "Njoo kesho mchana," alisema. Nikadhani nimesikia vibaya, maana kesho ilikuwa Jumapili, na akina Hoekzema, kwa dini yao, Jumapili hawakati hata majani. Gerrit hakuwahi kugusa padi ya kuchezea gemu siku ya Jumapili tangu utoto wake. Nilipomsikia anasema kesho, ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Marlene alinifungulia mlango akiwa amevaa koti la kanisani. "Supu ya njegere iko jikoni," alisema. "Mimi natoka. Sijaona kitu na sijasikia kitu." Akanishika mkono kwa nguvu, akaenda zake.

Gerrit alishika padi, mimi nikawa macho. Nilimsomea kila neno walilosema wale wasafiri, na akinikamata nimeruka mstari alinirudisha. "Kushoto. Kushoto zaidi. Ruka. Si huko, Mungu wangu, huko ni shimo," nilimwelekeza. Tulikula supu kwenye mapaja. Mara kwa mara aliuliza, "Theluji yake ikoje?" nami nikamwambia ni bluu kwa chini, na ilikuwa kweli.

Mwisho tukafika kwa yule adui wa mwisho, mfalme wa mawe aliyeimeza kengele. Nilimwambia wasafiri wake wako taabani, wawili wameanguka.

"Tumia maji," nikasema.

"Bado."

"Gerrit, wanakufa."

"Huenda kuna mwingine baada ya huyu."

Wakafa wote. Begi limejaa, pamoja na maji ya sehemu mbili za nyuma, ambayo gemu ilimruhusu kuja nayo. Tukaanza tena, na tena akagoma, na tena wakafa. Kidole chake kilikuwa kinaenda kwenye kile kitufe na kurudi. Mara ya tatu, mmoja tu akiwa amesimama, nilisimama na mimi.

"Hakuna mwingine, Gerrit. Hakuna baadaye. Umebaki na leo hii na jicho hilo moja, na unamwekea nani?"

Nilitamani niyameze maneno yale. Gerrit alikaa na uso wake umeelekea kioo, halafu akabonyeza. Wakainuka wote wanne. Akabonyeza tena, wakati hawakuhitaji. Akaendelea kubonyeza, maji yote ya miaka yote, na huku analia bila kuficha, na mfalme wa mawe akapasuka vipande.

Muziki ukabadilika. Gerrit akainama mbele mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Naona mwanga tu," akasema. "Bernie, kuna nini? Niambie."

Mimi, niliyemfukuza mtu wa benki.

Nikatazama. Kulikuwa na picha moja. Haikusogea. Wasafiri wanne wamechorwa kwa nyuma, kijivu, mmoja hana hata vidole, na kengele imelala kwenye majani kama ndoo iliyosahauliwa. Chini yake pameandikwa asante kwa kucheza. Basi. Kampuni ilikuwa inakufa na hela imeisha, nadhani, wakaweka walichokuwa nacho. Hicho ndicho alichokiwekea macho yake.

"Wanapanda kilima," nikasema. "Ni alfajiri. Theluji inaanguka, ile ya bluu. Watu wanatoka majumbani na taa, mmoja mmoja, kilima kizima kinawaka." Sikujua ninaenda wapi. Nilikuwa nakwama, naendelea. "Wameitundika kengele. Na huko chini, Gerrit, kuna kitu kinapanda njiani. Kinachechemea."

"Kitu gani?"

"Nyumbu."

Alifunika uso. "Hakufa," akasema.

"Hakufa."

Upasuaji haukufaa kitu. Jicho la kulia likaifuata njia ya mwenzake.

Alirudi mezani baada ya wiki kadhaa, ameshikwa mkono na Marlene, ana fimbo nyeupe ambayo aliichukia waziwazi. Alikuwa amekonda. Terrence alisahau na kuuliza swali letu, unacheza nini, akajipiga kofi pajani. Gerrit alitoa kasha mfukoni mwa koti akalisukuma mbele yake mpaka likagonga sahani. Ilikuwa Kengele, sehemu ya tatu.

"Icheze," alimwambia Terrence. "Nataka mtu wa kuzungumza naye mwisho wake. Huyu Bernie hajui kusimulia, alikuwa anakwamakwama tu."

Nilimsubiri Terrence kwenye maegesho, nikamsukuma nyuma ya gari lake, nikamwambia kila kitu: mwisho ulivyo kweli, na mwisho niliomwambia Gerrit.

"Umeniharibia gemu," Terrence alisema.

"Ndiyo."

"Wewe. Askari."

"Ndiyo, Terrence. Nifukuze."

Aligeuza lile kasha mikononi. Upepo ulikuwa unatukata masikio. "Rudia hapo kwenye taa," akasema. "Zinawaka kutoka juu au kutoka chini?"

Aliicheza kweli, usiku baada ya kutembea na barua kutwa, yeye asiyependa gemu za kusoma. Jumamosi aliyomaliza alikaa karibu na Gerrit, akasogeza kahawa, akaanza kuusimulia ule mwisho kwa sauti yake ya utangazaji. Alfajiri, theluji, taa kutoka chini kwenda juu. Watu wa meza za jirani waligeuka. Gerrit alisikiliza mdomo wazi kidogo, akitikisa kichwa kukubali kila mahali alipopajua. Walipofika kwa nyumbu, Terrence akaongeza lake. "Na ana kengele ndogo shingoni. Unaisikia kabla hujamwona."

"Kengele shingoni?" Gerrit alinigeukia, pembeni kidogo ya pale nilipokuwa. "Bernie, hilo hukuniambia."

"Sikuliona," nikasema. "Nilikuwa nalia."

Alicheka, mara ya kwanza tangu ule msimu wa theluji. Akatafuta donati yake kwa vidole, akaipata, akaimega nusu.

"Mnaona?" akasema. "Mlikuwa mnanicheka. Nilifanya vizuri kuiweka akiba."

Terrence akanitazama. Niliyatazama yale macho ya Gerrit, yaliyoona theluji yenye bluu na kutuletea mezani, yakakaa miaka yote chini ya kasha lile bila kulifungua.

"Ulifanya vizuri, Gerrit," nikamwambia.