Taa Ambazo Loice Hakuziagiza

Loice Ondiek hakununua gari ili watu wa Ntinda, mtaa aliokuwa akiishi, wamgeukie barabarani. Alilinunua kwa sababu wateja wake waliishi mahali ambapo lami imekwisha, changarawe nayo imekwisha, na kilichobaki ni njia ya ng'ombe. Duka lake lilikuwa Nakivubo, limebanwa katikati ya maduka ya vyuma, na humo aliuza pampu za maji na mabomba. Alivuka mpaka wa Busia akiwa msichana, akaanza kwa kutandaza ndoo na makarai kando ya barabara, akasogea kidogo kidogo mpaka akapata mlango wake mwenyewe. Wafugaji wa Nakasongola walimjua kuwa ni yule mama Mkenya ambaye pampu ikigoma haji na maneno, anakuja na spana.

Miaka yote hiyo alisafiri kwa magari ya kukodi. Dereva akiona dimbwi anazima injini na kukunja mikono. "Nyabo, mama yangu, mimi mwisho hapa." Loice anashuka, anavua viatu, anabeba pampu mwenyewe. Ndiyo maana siku alipopata Pajero kuukuu la kijani, lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, alikaa ndani milango ikiwa imefungwa akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Safari ya kwanza ilimkata kicheko. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye mteremko ambao hata baiskeli hupita, gari lilianza kwenda ubavu ubavu kama sabuni kwenye beseni. Alikanyaga breki, ikashika upande mmoja tu. Akaishia juu ya kichuguu. Trekta ilipokuja kumvuta, hapakuwa na mahali pa kufunga kamba, ikabidi waifunge chini kwenye chuma kisichohusika, kikapinda. Hakuumia. Lakini aliposimama pale kwenye tope, akilitazama gari lake, alijua kabisa lilihitaji nini.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimuuliza jirani yake, Sajini Goretti Amito, binti wa mwanajeshi kutoka Kitgum, ambaye alikuwa dereva wa malori ya polisi. Kiswahili ndicho kilichowafanya marafiki. Goretti alikuwa amekulia ndani yake kambini, Loice mpakani. Goretti alilizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya tairi.

"Hizi ni vipara, dada. Anza hapa. Halafu breki. Halafu kulabu za kuvutia, mbele na nyuma, na kamba nzuri."

"Na kuliinua? Tumbo liligonga kichuguu."

"Utainua baadaye, ukitaka. Ukiinua sasa utaanguka kutoka juu zaidi."

Kusema kweli, Loice alizipenda pia zile taa kubwa za juu ya paa. Alishawahi kuziona kwenye gari la mtu akazitamani. Lakini yeye alisafiri mchana, na taa hazishiki tope. Akaziweka kando kwa moyo mweupe, akalipeleka gari Namuwongo, kwenye gereji ya Hamim, karibu na reli, akamweleza fundi huyo kwa mdomo wake mwenyewe: matairi, breki, kulabu, basi. Hamim akarudia maneno yale yale mbele yake. Kesho yake Loice akapanda basi kwenda Kisumu, kwa kuwa binti yake Valarie alikuwa amejifungua.

Mumewe, Sylvanus, alibaki. Sylvanus alikuwa mtunza stoo wa hoteli, mtu mpole, asiye na ugomvi na mtu. Kila Jumamosi alikutana na wanaume wenzake wenye magari ya porini, wakala nyama choma na kusimuliana jinsi walivyovuka mito. Yeye hakuwa amevuka mto wowote. Alikuwa akipakiwa na wenzake kwenye kiti cha nyuma, akishika vikombe vyao vya chai visimwagike. Loice alilijua hilo, na kwa siri lilikuwa likimhuzunisha.

Aliporudi kutoka Kisumu, alimkuta Sylvanus langoni, amevaa shati la kanisani siku ya kazi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Fumba macho, Mama Valarie."

Hakufumba. Gari lilikuwa uani, limesimama juu juu kama mbuni. Springi zilikuwa zimeinuliwa. Juu ya paa palikuwa na safu ya taa zinazotosha uwanja wa mpira, mbele bampa nene jeusi lenye winchi ya waya ya kujivutia, na kando ya kioo bomba la kuipa injini hewa gari likivuka mto, ambalo ili lipite, ubavu wa gari ulikuwa umetobolewa tundu la kupitisha ngumi. Loice aliinama. Matairi yalikuwa yale yale, yaking'aa kama kipara cha askofu.

"Baba Valarie," alisema polepole, "nani alikwambia utoboe gari yangu?"

"Si nimekufanyia zawadi? Nimeongezea na yangu! Watu wa kikundi walinishauri. Gari ya porini lazima ionekane ya porini."

"Ionekane kwa nani? Kwa ng'ombe?"

"Unajua, wewe mambo ya magari..." Akaikatiza sentensi katikati, lakini ilikuwa imeshafika.

Loice hakupiga kelele. Alishika ufunguo, akaendesha mwenyewe hadi Namuwongo, gari likiyumba kila kona kama mama aliyebeba gunia kichwani. Hamim alimpokea kwa furaha.

"Mama! Gari sasa iko simba!"

"Matairi yangu yako wapi?"

Furaha ikapungua. "Mzee alikuja. Akasema badirisha, hiyo ya matairi itangoja. Akasema ni supulaizi."

"Mimi ndiye niliyekuletea gari. Mimi ndiye niliyekuambia. Simu yangu unayo. Kwa nini hukunipigia?"

"Lakini mama, mzee si ni bwana yako?"

"Angekuja bwana wa mteja mwingine, akakwambia ung'oe injini, ungeng'oa?"

Hamim alitazama chini, akaanza kupangusa spana ambayo haikuwa na uchafu. Hapo ndipo hasira ilipompanda Loice hadi masikioni. Kilichomuuma kuliko lile tundu ni kwamba fundi huyu alikuwa amemsikia vizuri, alikuwa amerudia neno kwa neno, kisha sauti ya mwanaume mmoja ilipopita pale ikafuta yote, kana kwamba yeye alikuwa anapiga stori tu. Miaka yote ya kufungua pampu kwa mikono yake, na bado kwenye gereji alikuwa mke wa mtu!

Alimwambia Hamim kwamba wiki itakayofuata angelirudisha gari, na kwamba safari hii angekaa hapo hapo kwenye kiti akiangalia. Akalipeleka nyumbani, akamwambia Sylvanus mbele ya Goretti, ili kuwe na shahidi: "Hili gari halitoki hapa mpaka lipate matairi. Lilivyoinuliwa sasa, na breki ile, ni jeneza." Sylvanus akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, Loice akiwa dukani akimpimia mteja bomba, simu ililia. Ilikuwa ya mtu wa kikundi. Alisikia kelele za watu nyuma, kisha sauti ikasema kwa uchangamfu wa kulazimisha, "Mama, usishtuke, hakuna aliyekufa."

Kumbe Sylvanus alikuwa amechukua ufunguo wa akiba. Alienda na wenzake hadi vilima vya nje ya mji, ukishapita Gayaza. Kwa mara ya kwanza alikaa kwenye usukani, nao wakampa heshima ya kutangulia. Kwenye mteremko wenye tope matairi yalimsaliti, gari refu likainama upande, likang'oa ua, likapita katikati ya migomba ya mtu na kusimama kwenye tangi la maji, likalipasua na maji yote yakamwagika.

Goretti alimwendesha Loice hadi huko. Walipofika, wanaume walikuwa wameshajaribu winchi. Waliufunga waya kwenye mti, wakabonyeza, na badala ya gari kutoka, lilitoka lile bampa jeusi, limeng'oka na boliti zake. Waya nao ulikatika, ukapita karibu na sikio la mwanaume mmoja, ambaye sasa alikuwa ameketi chini kwenye majani. Wengine walikuwa wanapiga picha na kubishana kuhusu pembe iliyofaa kuvutia.

Kando yao, bila mtu wa kumsemesha, alisimama mwenye shamba. Aliitwa Nabilah, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, ameshika mkungu mchanga uliokatika kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Loice aliwapita wanaume wote akaenda kwake.

"Dada, hilo gari ni langu. Nisamehe."

Nabilah aliuweka mkungu chini. "Wewe ndiye wa kwanza kuniongelesha. Hawa tangu wafike wanaongea na gari."

Maneno hayo yaliwasha kile Loice alichokuwa amekibana tangu arudi kutoka Kisumu. Aligeuka. Hata Goretti, aliyezoea makamanda, alisema baadaye kwamba alirudi nyuma hatua moja.

"Wekeni simu chini! Mmevunja maji ya mtu, mmevunja chakula cha mtu, mwenzenu nusura akatwe kichwa, na ninyi mnapiga picha? Nani kati yenu alimwambia huyu mume wangu taa kwanza? Nani? Jitokeze! Mnamcheka kwenye kiti cha nyuma mwaka mzima, halafu mnamsukuma mbele na matairi ya kipara, mwone ataangukaje!"

Simu zikaingia mifukoni moja moja. Sylvanus alisimama karibu na gari, tope hadi magotini, shavu moja limekwaruzwa. Loice alitamani kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo.

Gari lilivutwa na lori la mchanga, kamba ikiwa imefungwa na Goretti mwenyewe. Wanaume wa kikundi waliahidi kurudi kusaidia. Mmoja tu alirudi, yule aliyeponea waya. Yeye na Sylvanus walikwenda kwa Nabilah kila mwisho wa wiki mpaka ua ukasimama, tangi jipya likapanda kwenye msingi wake na miche ya migomba ikapandwa upya. Maji ya kuanzia tangi lile Sylvanus aliyabeba kwa madumu kutoka kisimani, Nabilah akiwa ameketi kivulini akimwonyesha njia iliyo ndefu zaidi.

Hamim alijaribu kukataa kuvichukua tena vifaa alivyofunga ili aweke matairi. Loice alimleta mwenyekiti wa mafundi wa mtaa ule, akaeleza kisa chote mbele ya wateja wengine, na sauti yake haikuwa ya chini. Taa zilishuka, springi za zamani zikarudi, matairi yakafungwa, breki zikatengenezwa, kulabu zikawekwa mbele na nyuma. Loice alikaa kwenye kiti akiangalia kila boliti. Tundu la ubavuni ndilo halikuwa na dawa. Hamim aliliziba kwa kipande cha bati na kukipaka rangi ya kijani isiyofanana na ile nyingine, na kila Loice alipolitazama alihisi joto likimpanda shingoni.

Sylvanus aliomba msamaha mara ya kwanza akisema, "Nasikitika kwa yaliyotokea."

"Hayakutokea," Loice alimjibu. "Uliyafanya."

Ilimchukua Sylvanus muda. Siku moja, wakila chakula cha mchana, aliweka kijiko chini akasema, "Nilikusikia ulichotaka. Nikaona changu ni bora kwa sababu ni changu. Na wale jamaa walikuwa wananicheka, Mama Valarie. Nilitaka waache." Loice aliendelea kula. Alimsikia, na akamwamini. Lakini hasira ilikuwa bado imekaa pale pale, nzito, naye hakuona sababu ya kuifukuza mapema kwa ajili ya kumfurahisha mtu.

Safari iliyofuata ya Nakasongola alikwenda na Goretti, aliyekuwa likizo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye mteremko, Goretti alimwambia aachie breki, ashike gia ndogo, aliache gari lishuke kwa miguu yake. Loice alishika usukani, meno yamekazana. Matairi yaliuma tope, yakashuka mpaka chini.

"Umeona?" Goretti akasema.

"Nimeona," Loice akajibu, na ghafla akapiga usukani kwa kiganja. "Na ningeona tangu mwanzo, kama watu wangenisikiliza!"

Mbele yao mfugaji alikuwa ameshafungua lango, akiwapungia mkono waingie.