Ukoo wa Mskochi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyojipeleka mwenyewe Wembley kumposa msichana niliyempenda. Kwetu Pemba mposaji hajiendei. Huenda ami au mjomba, yeye akabaki nyumbani roho juu. Mimi London sikuwa na ami wala mjomba, nikavaa koti nikaenda.

Wakati huo nilikuwa mlinzi wa vyumba katika jumba la kale lililokuwa la mbunge wa Kiskochi wa karne ya kumi na nane. Wageni walikuja kutazama picha yake na familia yake, na habari zao nilizihifadhi zote. Basi Bi Salma, bibi yake yule msichana, aliponiuliza kazi yangu, mdomo ukanifunguka. Nikamweleza mashamba ya bwana yule huko Uskochi, kiti cha bunge alichoachiwa na mjomba wake, watoto wake tisa, mabinti aliowaoza kwa majirani wenye mashamba ili kura zisimtoke, na mwanawe mkubwa aliyempinga bungeni, wakawa wanakula meza moja bila kusemezana. Nikapanda hadi babu wa babu yake.

Bi Salma akacheka sana. Nikadhani nimeshapata mke.

"Mashaallah, mwanangu. Na bibi yako mzaa mama, jina lake nani?"

Sisi tulimwita Bibi tu, na sikupata kuuliza zaidi.

"Ukoo wa Mskochi unao wote, wako huna?" akasema. "Mjukuu wangu simtoi kwa asiyejua katoka wapi. Kapige simu kwenu. Ukishajua, rudi."

Niliona haya njia nzima, na yule msichana nilimpenda mno. Nikampigia mama. Alicheka hata akalia, kisha akanipa majina kwa saa nzima, pamoja na kisa cha bibi yangu Mize wa Wete kumfukuza sheha, mkuu wa mtaa, kwa ufagio.

Jumapili nikarudi, nikamtajia majina. Bi Salma akaruka kitini.

"Mize wa Wete? Mbona huyo ndiye aliyenisuka kwetu Pemba siku ya harusi yangu!"

Posa ikapokelewa pale pale, na biriani likapakuliwa.

Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu. Wakubwa wa watu wasome, wana mengi ya kukufunza. Lakini wako waulize wangali hai, maana habari zao hazikuandikwa popote, zimo vifuani mwao tu. Uliza hata kwa Kiingereza, si neno, tutakujibu. Mungu akujaalie umri mrefu, mwenza mwema, na wajukuu wasiochoka kukuuliza maswali. Amin.