Burulkan Anazitoa Simu Kitandani mwa Watoto

Soko la Naryn, mji wa milimani, bado limeganda barafu, na Burulkan Sydykova ameshawasha taa ya mezani kwake. Kibanda chake kimebanwa kati ya muuza soksi za sufu na muuza chai. Anafungua mgongo wa simu nyeusi taratibu.

Betri imevimba. Kioo kimeinuka upande mmoja.

"Hii ilikuwa inalala wapi?" anauliza bila kuinua macho.

Mwenye simu, mama kijana aitwaye Aijarkyn, anamshangaa. "Kwenye beshiki, dada. Kwani ilale wapi?"

Beshiki ni kitanda cha mbao cha kumbembezea mtoto. Mtoto hufungwa kwa mikanda, kisha hufunikwa nguo nzito mpaka kuwe giza. Mume wa Aijarkyn ni mjenzi Urusi, na humtumia mkewe sauti yake akimwimbia mwanawe. Mama huchomeka simu kwenye chaji, huisukuma chini ya mto, na mtoto hulala. Simu imepita kipupwe kizima humo, tena imevishwa kava la manyoya.

"Ilikuwa nzito tu, inagandaganda. Nikajua ni virusi," anasema Aijarkyn.

"Virusi gani! Unaipika, halafu unataka ikimbie?"

Muuza soksi anaangua kicheko. Aijarkyn hacheki. Betri halisi itatoka mji mkuu, Bishkek, na mtoto analia tangu jana akitaka sauti ya baba yake.

"Nirudishie hivyo hivyo, dada. Mama mkwe ananisubiri."

"Sikurudishii."

"Ni simu yangu!"

"Simu ni yako, lakini betri hii ni moto. Nikikupa leo, kesho nitakuja kwako kukupa pole."

Burulkan alikuwa mshonaji wa mazulia ya sufu hadi karakana yao ilipofungwa, ndipo akajifunza ufundi kwa binamu yake mjini Osh. Mwanzoni wateja walikuwa wakiingia na kumuuliza fundi yuko wapi. Siku hizi, mwezi ukiwa mzuri, hupata som, pesa ya huko, elfu ishirini na tano hivi. Angepata zaidi kama angefunga betri bandia, lakini hafungi.

Ukaidi huo una chanzo chake. Kipupwe kilichopita aliletewa simu iliyoungua, imeviringishwa kwenye kiblanketi chenye tundu. Bibi wa mtoto aliyelazwa nayo alikuwa amenusa moshi mapema, na mtoto akaokolewa mzima.

"Tundu lilikuwa pale mguu wake ulipokuwa," anasema. "Sikuweza kula siku ile. Wananiita kichwa ngumu. Na waniite."

Anaitoa betri ya Aijarkyn iliyovimba na kuitenga nje kwenye ndoo ya mchanga. Anaiwasha simu kwa umeme wa mezani, anahamishia sauti za baba wa mtoto kwenye simu yake ya akiba, kisha anafunga kibanda na kufuatana na Aijarkyn hadi nyumbani.

Mama mkwe, Bi Seide, anawapokea na kilio cha mtoto nyuma yake. "Fundi gani huyu anakuja kutufundisha kulea?"

"Kulea mnajua, mama. Mimi nimekuja kwa ajili ya simu."

Burulkan anaivua kava simu ya akiba, anaiweka kwenye kizingiti cha dirisha bila chaji, na kupandisha sauti. Baba anaanza kuimba, akipoteza mahadhi kila mara. Kilio kinapungua. Bi Seide anabembeza beshiki, kisha anasita. Anaingiza mkono chini ya mto na kutoa simu nyingine, yake mwenyewe, ikiwa kwenye chaji. Aliiweka asubuhi ili imliwaze mjukuu.

Ameishika kwa ncha za vidole. Ni ya moto.

"Aijarkyn," anasema kwa sauti ndogo, "mfungue mtoto. Nataka kumshika."

Anampakata mjukuu wake kifuani kwa muda mrefu, na hakuna anayemharakisha.

Kuanzia mwezi huu Burulkan amekusudia kuhudhuria kila karamu ya beshiki mjini, mtoto anapolazwa humo mara ya kwanza, aalikwe asialikwe. Pale mabibi wanapomfunga mtoto na kumtakia baraka, naye anataka nafasi ya kusema lake.

"Nitawaambia simu ichajiwe mahali inapopata hewa, na isilale na mtoto kamwe," anasema. "Wakinitoa nje, nitasema nikiwa uani. Sauti ninayo."