Lampi za Baba na Grupu ya Sange

Kila binti wa baba yangu alipotoka nyumbani kuolewa, baba alimpigia gitaa lake la umeme uani. Hakuna aliyemwagiza, ndivyo alivyozoea, na sisi tukazoea. Bibi harusi anasimama mlangoni, gitaa linaanza, ndipo anavuka kizingiti. Mimi nilitoka hivyo, na wadogo zangu hivyo hivyo. Amebaki kitinda mimba, amplifaya ya baba, ile ya kukuza sauti ya gitaa, ikafa kabisa, na huyo mtoto akatangaza mbele ya mashangazi wote, "Bila gitaa ya baba, minye sitoki."

Kazi ikaniangukia mimi, kwa kuwa natengeneza redio na simu hapa Kavimvira, na kwa kuwa nina mdomo. Nilisema amplifaya si mandazi, haikandwi asubuhi ikaliwa mchana, lakini nitaiunda. Mume wangu akacheka.

"Mama watoto, weye unaahidi kwanza, kisha unafikiri."

Baba akaja kutoka Sange amekumbatia redio yake ya zamani, ile ya lampi, yaani vile vichupa vya kioo vyenye uzi unaowaka ndani. Akaiweka mezani pangu.

"Fungua. Toa kila kitu unatafuta."

Redio yenyewe ilikuwa bado inaimba. Nilishika bisibisi, nikairudisha mezani. Lampi nyingine za namna ile sijui ningezitoa wapi. Hizo zikiungua, baba hana redio wala amplifaya, na mdogo wangu amekwama mlangoni. Mwisho nikaifungua, nikazitoa lampi, transfo na spika yake ndogo.

Kasha nililikata kwenye mlango wa friji iliyokufa, bati gumu hasa, nikaifunga transfo ya redio juu yake kwa bolti. Transfo moja inatoa umeme wa aina mbili: mkali, wa kuendesha sauti, na mdogo, wa kupasha moto uzi wa lampi tu. Ule mkali ulinipiga siku ya kwanza, nikaona nyota mchana, nikauheshimu. Ule mdogo niliudharau. Nyaya zake mbili nilizipitisha popote palipokuwa na nafasi, na nilipowasha, amplifaya ikanguruma kama lori la mihogo linalopanda mlima. Nikaitukana transfo, nikamtukana na aliyeizungushia waya. Kisha nikazisuka zile nyaya mbili pamoja, kwa kubana, kama nywele za mtoto anayeenda shule, nikazilaza pembeni kabisa mwa kasha. Ngurumo ikaisha. Nilifurahi hadi nikacheza peke yangu dukani, na mteja mmoja akaniona.

Ila lampi zilikuwa zinawaka hafifu, na sauti imelegea. Nilikuwa nafanya kazi hiyo jioni, baada ya kufunga duka, na jioni kwetu kila nyumba inapikia resho ya umeme, kwa hiyo umeme unatufikia umechoka. Mimi si mtu wa kungoja. Nikaongeza mizunguko ya waya kwenye transfo, upande wa kupasha lampi, kidogo kidogo, mpaka uzi ukawa na rangi ya kaa lililotulia. Juu nikapaka vanishi, ikakauka kama jiwe. Gitaa likalia vizuri, nikajiita injinia.

Siku ya harusi tukaenda Sange, amplifaya nimeipakata. Watu wa bwana harusi walikuwa wameshafika, wameketi chini ya turubai. Umeme ulikuwa wa grupu, jenereta ya binamu yetu, aliyeleta pia spika kubwa na kinanda. Baba amevaa koti, gitaa begani. Nikachomeka. Lampi zikapita rangi ya kaa, zikawaka nyeupe, nami nikachomoa waya hata kabla sijafikiri.

Nilielewa palepale. Grupu ilikuwa inatoa nguvu yake yote, na mimi nilizungusha waya kwa kipimo cha umeme mgonjwa wa jioni ya Kavimvira. Vanishi ile nisingeweza kuibandua katikati ya sherehe ili nipunguze mizunguko.

"Iko namna gani, mama?" baba akauliza. Ndivyo anavyotuita binti zake.

"Nikiwasha, zitaungua."

"Ziungue. Zilie kwanza, kisha ziungue."

"Haziungui, baba," nikasema, kwa ukali usiomfaa mzazi, kwa sababu nilitaka kulia.

Nikamfuata binamu nyuma ya nyumba, nikamwomba apunguze mwendo wa grupu, umeme ushuke ufanane na ule wa kwetu. Akanitazama kama nimemwomba figo.

"Dada, grupu ikishuka, spika zinakufa, kinanda inakufa. Batu bataimba na nini?"

"Na midomo yao."

Tulibishana mpaka shangazi, dada mkubwa wa baba, akatokea na mwiko wake.

"Bibi harusi amekaa chini, amevua viatu," akasema. "Mufanye haraka."

Binamu akashika skrubu ya mwendo wa grupu huku akinung'unika. Grupu ikaanza kukoroma. Spika zikakatika katikati ya wimbo, kinanda kikanyamaza, na uwanja mzima ukageuka kututazama. Nikachomeka tena. Nimepiga magoti kwenye vumbi na kitenge changu kipya, macho kwenye lampi, nampigia binamu kelele: shusha, shusha, bado, hapo hapo. Uzi ukatulia kwenye rangi ninayoijua.

Baba akapiga. Vidole vyake ni vizito siku hizi, alikosea hapa na pale, na hakuna aliyejali. Mdogo wangu akavuka kizingiti pekupeku, viatu mkononi. Wanawake wakauchukua wimbo, kisha wanaume, kisha hata upande wa bwana harusi, ambao maneno hawakuyajua, wakimsindikiza hadi kwenye gari.

Wimbo ulipoisha, binamu alinyoosha mkono kwenye skrubu. Baba akatikisa kichwa.

"Acha vile. Miaka yote minye napiga mu harusi, sijasikia batu bangu banaimba. Spika zilikuwa zinabafunika."

Akaanza wimbo mwingine. Mlango wa gari ukafunguliwa, na mdogo wangu akashuka, akarudi uani kuimba nasi.