Nilivyokwenda Kivukoni Kutetea Sheria ya Sigara

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya makala yangu mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Kwa kawaida makala zangu husomwa na mhariri, na nadhani hata yeye huishia katikati. Lakini hii, iliyosifu sheria za kuzuia uvutaji wa sigara hadharani, ilifika Ifakara ikiwa imefungiwa vitumbua, na binamu yangu Veneranda akaisoma na mafuta yake. Akanipigia simu.

"Kaka, umeandika vizuri sana. Sasa njoo uyaseme hayo hayo huku kwetu Kivukoni. Jumapili kijiji kinajadili sheria ndogo ya sigara, na wavuvi wamekataa."

Nilikuwa nimesimama barazani, sigara mkononi. Makala yenyewe niliiandika hivyo hivyo, sigara mkono wa kushoto na hoja mkono wa kulia. Nilitaka kumweleza kwamba mtu anaweza kuamini jambo bila kulitenda, na kwamba vyuo vikuu vimejaa watu wa namna hiyo. Badala yake nikauliza kuna haraka gani.

"Ni baba," akasema.

Baba yake ni Mjomba Thadei, kaka wa marehemu mama yangu, mvuvi wa mto Kilombero tangu ujana wake. Mwaka huu kifua kilimlaza. Daktari alimwambia aache sigara, akaacha siku hiyo hiyo. Akaambiwa pia asikae kwenye moshi wa wengine, na hapo ndipo maisha yake yalipokatika, kwa sababu wavuvi wa Kivukoni kila jioni, na alfajiri wakitoka majini, hukaa kwenye banda moja kando ya mto, wakivuta na kunywa chai na kusemana. Nyumba ya mjomba iko karibu na banda hilo, lakini si karibu ya kutosha.

"Kicheko kinamfikia, maneno hayamfikii," alisema Veneranda. "Kila jioni ananiuliza, 'Wamecheka nini?' Mimi nitajuaje, kaka?"

Nikapanga nguo zangu.

Jumamosi asubuhi basi liliondoka Morogoro na ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabega ya milima ya Uluguru. Juu ya kichwa cha dereva palikuwa na maandishi mekundu ya kukataza sigara, na kwenye sikio la dereva palikuwa na sigara, imekaa kwa utulivu kama kalamu ya fundi seremala. Nikamwona kuwa ndugu yangu. Nikasinzia.

Baada ya Mikumi tuliiacha njia ya Iringa tukaelekea kusini, na sikumbuki vizuri nini niliona na nini niliota. Nakumbuka kuvuka Ruaha pale Kidatu, maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nakumbuka miwa, miwa, miwa, kisha mkono wa kulia milima ya Udzungwa ikipanda moja kwa moja hadi kwenye mawingu, na maporomoko membamba yakining'inia huko juu kama uzi uliosahauliwa na mshonaji. Katika usingizi ule nilitoa hotuba yangu yote, na miwa ilinipigia makofi.

Tulipofika Mkula basi lilisimama abiria wanyooshe miguu. Nikashuka, nikawasha sigara mbele ya meza ya mama mmoja muuza nyanya.

"Baba, sogea," akasema bila kuinua uso.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Nyanya zangu hazivuti, basi."

Nikasogea. Nilichagua upande vibaya, moshi ukarudi pale pale. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyeingia kanisani, akazifunika nyanya zake kwa kanga.

Mchana tuliingia Ifakara. Baada ya milima ile yote, nchi hujilaza ghafla, na unahisi kama kuna mtu amepitisha kiganja juu yake. Mpunga ulikuwa umechanua pande zote, yangeyange wakitembea ndani yake kama mashemasi, na watu wakiendesha baiskeli polepole kama hawaendi popote. Nikachukua bajaji hadi Kivukoni. Zamani hapa ulisubiri pantoni, ukinuna na kununua samaki. Siku hizi daraja refu jeupe linapita juu na magari yanavuka kwenda Lupiro bila hata kupunguza mwendo. Kivukoni kimebaki chini, na jina lake, mitumbwi yake na banda lake.

Mjomba alikuwa amekaa uani kwake, uso umeelekea mtoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunitetea?"

"Nimekuja, mjomba."

"Hata hujaniuliza nina kesi gani." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa kwa muda mrefu kama mgeni asiyejua kuaga.

Jioni ile Veneranda alinituma nikaonane na Saidi, mwenyekiti wa wavuvi, ambaye ndiye angesema dhidi ya sheria. "Kamjue unayepambana naye," alisema. Kumbe Saidi alikuwa mtu mpole wa makamo yangu, mwenye mabega mapana na suruali iliyokunjwa hadi magotini. Badala ya kubishana alinipakia kwenye mtumbwi.

Mto ulikuwa umejaa na kunyamaza. Mbingu ilikuwa chini yetu na juu yetu, na mahali fulani kati ya hizo mbili viboko walikuwa wakikoroma. Saidi alisimama nyuma akisukuma kwa pondo, ule mti mrefu unaogusa chini ya mto, nami nilikaa mbele kama gunia. Nikawasha sigara. Upepo ulikuwa unatujia usoni, na moshi wote ukamwendea yeye. Akaacha kusukuma.

"Hama, kaka."

"Nihame wapi? Huu ni mtumbwi."

"Hamia nyuma. Anayevuta hukaa upande upepo unakokwenda. Mwenye pondo hapigwi moshi."

Akasogea katikati, nikapita chini ya kwapa lake kwa magoti, na mtumbwi ukayumba kiasi cha kunifanya nitubu dhambi kadhaa. Nilipofika mkiani, moshi ukaenda zake kwa viboko.

"Kwa hiyo mnayo sheria," nikamwambia, nikidhani nimemkamata.

"Sheria gani? Ni mtumbwi tu." Akasukuma. "Kesho wakipitisha hiyo yenu, sisi tutahamia ng'ambo, upande wa Lupiro. Mzee Thadei mpelekee banda lake tupu."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana niliogopa. Sheria ikishindwa, mjomba angebaki uani na vicheko vya mbali. Sheria ikishinda, hata vicheko vingehama.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika kwenye darasa la shule. Mjomba aliletwa akakalishwa dirishani, penye hewa. Mwenyekiti wa kijiji alieleza kwamba sheria kubwa ya nchi ipo, lakini nchi ni kubwa na Kivukoni ni kidogo, kwa hiyo panatakiwa sheria ndogo: sokoni, kwenye zahanati, vilabuni na kwenye banda la wavuvi, marufuku kuvuta, atakayekaidi atalipa faini.

Veneranda aliongea kwanza, akaongea vizuri. Akasema watoto wanabebwa migongoni kwenye moshi sokoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akanitambulisha kama msomi kutoka Morogoro, nami nikasimama.

Nilikuwa nimefika tu kwenye maneno "Ndugu wanakijiji" niliposikia kiti kikisogezwa. Ni Mama Komba, muuza chai wa pale bandani, Mngoni wa miraba minne. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani, na mtani akikutenda huruhusiwi kununa. Alinijia polepole, akachomoa pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati langu, akaiinua juu kama padri anavyoinua hostia.

"Jamani! Chui amekuja kutufundisha kufuga mbuzi!"

Darasa likaporomoka kwa kicheko. Mwenyekiti mwenyewe aliificha sura yake nyuma ya faili.

"Mama Komba, rudisha mali ya mgeni," akasema alipoweza kusema.

"Mgeni gani? Huyu mtumwa wangu. Babu zake walikimbia mikuki yetu hadi wakasahau kuvaa viatu." Akaitia pakiti kifuani mwake. "Endelea, profesa. Tunakusikiliza."

Niliendelea. Sijui nilisema nini. Najua nilitaja miji ya mbali, na kwamba miji hiyo haikusaidia.

Saidi aliposimama hakuja hata mbele. "Sisi tunashinda majini na kukesha majini," alisema. "Mbu wanatula, usingizi unatuvuta. Tukirudi, pale bandani ndipo mahali petu. Mkitufukuza hatugombani. Tutakwenda ng'ambo."

"Nendeni!" akasema mwanamke mmoja. "Mkachomane huko!"

"Na samaki nao watakwenda ng'ambo, dada."

Makelele yakaanza, na yalipopungua, mwenyekiti akageukia dirishani. "Mzee Thadei. Jambo hili linakugusa. Unasemaje?"

Mjomba alisubiri pumzi yake ifike. "Banda mimi nalifanyia nini? Ni miti na bati. Miti hata kwangu ninayo," akasema. "Mimi nataka hao wenye kelele."

Ikapigwa kura ya mikono. Akina mama waliinua mikono kama mpunga unaoamka baada ya upepo, na sheria ikapita. Waliokataa walipoambiwa wainue, mkono wa mjomba ulikuwa miongoni mwao, mwembamba, umenyooka. Nilimtazama Veneranda akimtazama baba yake. Hakulia. Alikunja tu kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

Jumatatu alfajiri niliamshwa na sauti ya ufagio. Veneranda alikuwa ameshafagia banda lote. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba daraja lilikuwa limekatika katikati, na lori lililotoka Lupiro lilionekana likitembea juu ya hewa. Mjomba alikuwa bandani, peke yake, juu ya kigoda chake. Palikuwa safi. Palikuwa pananukia udongo uliomwagiwa maji. Mama Komba aliwasha jiko la chai pembeni, hakumtania mtu.

"Wamekwenda ng'ambo," Veneranda alininong'oneza. "Kaka, nimemuua baba."

Nikamtwalia ufagio mkononi.

Ndipo kikasikika kicheko. Hakikutoka ng'ambo. Kilitoka chini, kwenye mchanga, ndani ya ukungu. Hawakuwa wamekwenda popote. Walikuwa wamekaa nje kwenye mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, mahali ambapo sheria haikupataja, wakivuta sigara za baada ya kazi. Mjomba aligeuza kichwa. Akasimama, akachukua kigoda chake, akaanza kushuka ukingo hatua kwa hatua. Veneranda alitaka kumkimbilia, Mama Komba akamshika mkono.

"Mwache mtu mzima."

Nilimfuata nyuma. Alipowafikia, kicheko kilikatika. Alikiweka kigoda mchangani, akakaa, akavuta shuka mabegani. Moshi ulikuwa ukimwendea moja kwa moja usoni, na akaanza kukohoa. Saidi akatazama moshi wake unakokwenda.

"Hameni," akawaambia wenzake.

Hakuna aliyeuliza wapi. Walinyanyuka wote, na sigara zao na nyavu walizokuwa wakishona, wakamzunguka mzee wakaketi upande wa pili, upepo ukiwapitia wao mwisho. Saidi akaendelea na hadithi yake pale pale alipoiachia, ya kambale aliyemburuta hadi kwenye matete. Jua lilipopanda, upepo wa bondeni ukageuka. Wakanyanyuka tena. Na tena. Asubuhi yote nilitazama watu wale wakimzunguka Mjomba Thadei polepole, kama kivuli kinavyozunguka mti, na yeye katikati akiwa ameinamisha sikio.

Mama Komba alinirudishia pakiti yangu. Nikawasha moja, nikaenda kukaa mahali pangu kwenye mduara, na kila walipohama nilihama nao. Ilikuwa kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya tangu nifike.

Jumanne nilirudi. Mpunga, kisha milima, kisha usingizi. Nilijaribu kuandika makala mpya kichwani, ikakataa kupangika. Bado naiamini ile ya kwanza. Sokoni kuna watoto, na zahanati ni zahanati. Sheria ni haki yao, na Veneranda alishinda kwa haki. Tatizo la makala yangu ni kwamba haikuwa na upepo ndani yake. Ilijua mahali, haikujua aliyeketi hapo.

Mkula basi likasimama. Yule mama wa nyanya alikuwepo. Kabla ya kuwasha nilitazama majani ya migomba yanaelekea wapi, nikaizunguka meza yake, nikasimama upande wa pili, mbali kidogo. Aliinua uso, akanitazama, akaifunua kanga juu ya nyanya.

Simu ikaita. Alikuwa Veneranda.

"Umefika wapi, kaka?"

"Mkula. Mjomba hajambo?"

"Hajambo. Leo amerudi kutoka mchangani, amekula, amelala." Nikasikia mto nyuma yake, au labda ni simu tu. "Hakuniuliza wamecheka nini. Mimi ndiye niliyemuuliza."

"Akakwambia?"

"Amekataa. Amesema ni mambo ya wanaume."