Rudisha Kila Kitu Mahali Pake

"Kabati langu mimi, hata ukimpa mlevi, atalitumia bila kuuliza mtu!" Kaka yangu alitamba hivyo akiwa na kipaza sauti mkononi, kwenye harusi ya binamu yetu, alipoombwa awatakie heri maharusi. Bibi harusi mpaka leo anasubiri kuletewa kabati.

Kabati lenyewe si la mbao. Ni programu aliyoiandika kaka kwa ajili ya ofisi ya wachora ramani za nyumba, tunakofanya kazi sote wawili, yeye kwenye kompyuta na mimi mapokezi. Linatunza nakala za michoro, ili kompyuta ikifa isife na kazi za watu. Ukiandika tunza, linachukua nakala, likimaliza linaandika tayari. Ukiandika rudisha, linaleta nakala ya zamani na kuibandika juu ya kilichopo. Usipolitajia ya lini, linaleta ya siku ya kazi iliyotangulia. Kaka amelipenda Kabati kuliko wachumba wake wote, na wachumba waliliona hilo wakaondoka.

Basi bosi akaamua Kabati liendeshwe na wakala wa akili bandia, yaani programu inayosoma maelekezo na kufanya kazi yenyewe. Mama alipoelezwa akauliza, "Na huyo wakala anatoa pesa mpaka saa ngapi?"

Maelekezo ya kaka yalijaa "endelea kama kawaida" na "hapa tumia akili." Wakala akasoma, akajibu: "Kawaida ni ipi?" Ofisi nzima ikacheka, kaka akaenda chooni akakaa huko.

Bosi akamleta mwanamke aliyewahi kufundisha shule, tukamwita Mwalimu. Manukato yake yanafika kazini kabla yake, na kicheko chake kinapita ukuta. Akaandika upya: "Andika tunza. Subiri neno tayari. Usipoliona, simama, mwite mtu." Wakala akafanya kimya kimya. Bosi akapiga meza: "Hii sasa ndiyo lugha!" Akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua mkuu wa kitengo kati ya kaka na Mwalimu.

Kaka akaanza kuumwa ugonjwa usio na dawa. Bosi akicheka na Mwalimu, yeye anasimama kuchungulia. Nyumbani chakula hakishuki.

"Anaandika kama anafundisha watoto kufunga kamba za viatu," akaniambia.

"Lakini viatu vimefungwa, kaka."

"Wewe kula, nyamaza. Kabati nimelizaa mimi, leo anasifiwa yaya!"

Ijumaa jioni akayafungua maelekezo ya Mwalimu, akaongeza sentensi moja mwishoni, ili na yeye awemo. Sentensi yenyewe ya adabu tu, ile aliyotulea nayo mama kila tukimaliza kuosha vyombo: "Ukimaliza, rudisha kila kitu mahali pake."

Jumatatu mchana wakala akachukua nakala, akaona tayari, akafika mwishoni. Akarudisha kila kitu.

"Jamani, ghorofa yangu!" mchoraji mmoja akapiga kelele. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa imetoweka kwenye kila kioo, imelaliwa na michoro ya Ijumaa.

Mwalimu hakupaniki. Nakala ya mchana ilikuwepo, imechukuliwa dakika chache kabla, akaita hiyohiyo na michoro ikarudi. Kisha akayasoma maelekezo kwa sauti, akafika sentensi ya mwisho. "Hii si yangu. Ni ya nani?"

Kaka akainua mkono nusu. "Nilimaanisha apange tu, asiache vurugu."

"Apange nini, kaka yangu? Kwani ana mikono? Umemwambia rudisha, amerudisha."

"Ila Kabati limeokoa kazi! Mmeliona Kabati?"

"Tumeliona," bosi akasema. "Kabati zuri sana. Funguo atakaa nazo Mwalimu."

Uteuzi ukaisha hivyo, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Watu wakamshangilia Mwalimu, na kaka akapiga makofi kama mtu anayeua mbu. Halafu Mwalimu akamgeukia, huku anacheka: "Mkuu mpya anataka keki. Ya chokoleti, jina langu juu, uilete kabla ya saa kumi. Kuna sehemu hujaelewa?"

Hakuna aliyejifanya hajasikia. Kaka akachukua koti, nikamfuata. Dukani akaomba keki ndogo kuliko zote, akaambiwa ndogo zimeisha. Muuzaji akauliza herufi ziwe za rangi gani.

"Yoyote," kaka akasema. "Ziwe ndogo."

Keki ilikuwa elfu arobaini na tano.