Fundo la Kitenge
Jumamosi ya kwanza ya Juni tulimzika mama, huku Kilolo. Mkono wake wa kulia ulipooza Januari, nami nikiwa mwanafunzi wa tiba kazi Mbeya, nikijifunza kuwasaidia wagonjwa wajihudumie tena. Hospitalini huko niliwakataza ndugu wa wagonjwa kumvalisha mgonjwa anayeweza kujivalisha, nikiwaambia watamdumaza.

Likizo ya Pasaka nilimkuta mama akijifunga kitenge kwa mkono wa kushoto na meno, polepole. Shangazi akasema mbele ya wageni, "Hee, msomi wetu! Anamtazama mama yake kama anaangalia sinema."

Wakacheka. Nilijua ninachoharibu, lakini niliogopa midomo yao. Nikamnyang'anya kitenge, nikamfunga nacho.

"Nilibakiza fundo tu, mwanangu," mama akasema.

Kesho yake asubuhi alininyooshea kitenge, akasimama akisubiri.